Mwandiko wa kuchezacheza kwenye pakiti ya kashata

Swali: "Kaka, habari za kazi. Natengeneza kashata, ubuyu na visheti nyumbani hapa Tanga, nauza madukani na kwa oda za shughuli. Mpwa wangu amenitengenezea lebo kwa fonti ya mwandiko wa mkono, ile ya kuchezacheza, herufi kama za mtoto aliyefurahi. Mimi nimeipenda. Mchapaji anasema haisomeki, tena ni ya kitoto, nitafute herufi za maana. Mpwa naye anasema mchapaji ni mtu wa zamani. Nimsikilize nani? Na bango la barazani nalo niliandike hivyohivyo? Nimekutumia pakiti moja kwa basi uione kwa macho yako."

Jibu: Dada yangu, pakiti imefika. Kashata mbili zilivunjika njiani, na hizo ndizo nilizoanza nazo. Lebo niliitazama baadaye, nikishanawa mikono.

Najua una watu wawili wanaosubiri hukumu, basi niitoe mapema. Mpwa wako amechagua fonti nzuri. Mchapaji wako ameona tatizo la kweli. Kosa liko kwenye kiasi: fonti ile imebebeshwa lebo nzima, kuanzia jina la bidhaa mpaka "hifadhi mahali pakavu", wakati nguvu yake inatosha maneno mawili, matatu yakizidi sana. Nimehesabu, lebo yako ina maneno 58, yote kwa mwandiko uleule. Ni sawa na kumwambia mshereheshaji wa harusi asome na cheti cha ndoa.

Tuitazame yenyewe kwanza. Fonti za namna hii huigiza maka peni yenye ncha ya duara. Mstari una unene uleule tangu unapoanza mpaka unapoishia, na miisho yake imeviringwa, haina vikato, yaani vile vistari vidogo vya kwenye miisho ya herufi za gazeti. Herufi hazikai sawasawa juu ya mstari. Moja imepanda kidogo, ya pili imeshuka, ya tatu imeinamia jirani, kama watoto waliowekwa kwenye benchi wapigwe picha. Herufi "a" ni ile ya duara lenye mkia tunayofundishwa darasa la kwanza, na siyo ile yenye kofia juu inayochapwa vitabuni. Matumbo ya "b", "d" na "p" ni makubwa na yako wazi. "k" yako imerusha mguu mmoja mbele, hiyo nimeipenda kweli.

Kila kimoja hapo kinafanya kazi. Kule kupanda na kushuka ndiko kunakoleta mchezo. Ukizinyoosha herufi hizo kwa rula, uchangamfu wote unakwisha. "a" ya duara inamkumbusha mtu daftari, na daftari linamkumbusha nyumbani. Kwa mteja anayechagua kati ya kashata zako na biskuti za kiwandani, hiyo ni habari kubwa, na anaipata kabla hajasoma neno. Mpwa wako alilijua hilo, hata kama hakuwa na maneno ya kukueleza.

Sasa hilo neno "kitoto". Mchapaji hakulitunga yeye, amelirithi. Fonti inayojulikana kuliko zote za ukoo huu ni Comic Sans. Mwaka 1994 Vincent Connare, aliyekuwa akifanya kazi Microsoft, alionyeshwa programu iliyokuwa bado haijatoka, Microsoft Bob, iliyokusudiwa watu wasioizoea kompyuta. Ndani yake alikuwamo mbwa wa katuni, Rover, akitoa maelekezo ndani ya kiputo cha maneno, na maneno yenyewe yalikuwa kwa Times New Roman. Connare akaona kituko: mbwa anabweka kwa herufi za gazeti. Akachukua vitabu vya katuni vilivyokuwamo ofisini, akatazama vilivyoandikwa kwa mkono, akachora herufi zake kwenye kompyuta. Hazikuwahi kuingia kwenye Bob, kwa kuwa zilikuwa pana kuliko Times New Roman na kila kiputo kilikuwa kimeshapimwa. Lakini zikaingia kwenye kifurushi cha nyongeza cha Windows 95, na baada ya hapo hapakuwa na steshenari isiyokuwa nazo.

Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Herufi zilizochorwa kwa ajili ya kiputo cha mbwa zikaanza kuonekana kwenye matangazo ya ofisini, kwenye barua za benki, kwenye mabango ya zahanati. Wabunifu wawili wa Marekani, Dave na Holly Combs, wakaanzisha kampeni ya kutaka zipigwe marufuku. Tarehe 4 Julai 2012, pale CERN, maabara kubwa ya fizikia karibu na Geneva, mwanafizikia Fabiola Gianotti aliwasilisha matokeo ya jaribio la ATLAS kuhusu chembe ya Higgs, moja ya habari kubwa za fizikia za miaka hii, na kurasa zake zilikuwa za Comic Sans. Siku ile mtandaoni kuna waliojadili chembe na kuna waliojadili fonti. Hesabu zake hazikupungua hata nukta, ila fonti ilijichukulia mazungumzo yasiyokuwa yake.

Kwa hiyo mchapaji akisema "kitoto", anazungumzia uchovu wa miaka thelathini wa kuiona mahali pasipo pake. Kuhusu kusomeka, asikutishe sana. Chama cha disleksia cha Uingereza, British Dyslexia Association, katika mwongozo wake wa maandishi kinaitaja Comic Sans pamoja na Arial miongoni mwa fonti zinazofaa kwa watu wenye shida hiyo ya kusoma, kwa kuwa herufi zake hazisongamani. Ufurahi wa herufi hauizuii kusomeka. Ila Comic Sans imetulia mno ukiilinganisha na ya mpwa wako, ambayo imekunywa kahawa.

Hapa sasa ndipo ninapotaka tukae, maana si mchapaji wala mpwa aliyekugusia.

Chukua karatasi uandike "Kashata za karanga". Ni herufi 16, na saba kati ya hizo ni "a". Kwenye fonti ya kawaida hilo halina neno, hakuna anayetarajia "a" za gazeti zitofautiane. Lakini kwenye fonti inayojifanya mkono wa mtu, hizo ni mashahidi saba waliokuja mahakamani na maelezo yaleyale, mpaka mahali pa kukohoa. Kwenye lebo yako kila "a" ina kibonyeo kilekile upande wa kushoto na mkia uleule uliokunjamana mwishoni. Mteja hajui fonti ni nini, lakini jicho lake linashtuka. Anahisi ameonyeshwa kitu cha nyumbani ambacho hakikutoka nyumbani.

Waingereza na Wamarekani wanaochora fonti hizi hawakutani na tatizo hili kwa kiwango chetu. Wao hujaribu kazi yao kwa ile sentensi maarufu ya mbweha anayemruka mbwa mvivu, "The quick brown fox jumps over the lazy dog", iliyotungwa ili kila herufi ya alfabeti yao itokee. Ihesabu: "a" imo mara moja tu. Fonti inafaulu mtihani, inauzwa, inafika Tanga, inakutana na "karanga".

Halafu ziko zile irabu zetu pacha. Maandazi, taa, juu, vifaa, kondoo, chuo kikuu. Ukiziweka "a" mbili za mwandiko wa bandia ubavu kwa ubavu, hakuna pa kujificha tena. Nilijifunza kazi hii kwa fundi mchora mabango kabla sijagusa kompyuta. Siku moja alikuwa akiandika MAANDAZI NA CHAI kwenye ubao wa mgahawa, rangi ya mafuta nyekundu juu ya nyeupe, mimi nimeshika kopo. A ya kwanza aliisimamisha wima. Ya pili akaipunguza upana, akaiegemeza kidogo kwa mwenzake, na kile kijiti cha katikati akakishusha karibu upana wa kidole. Nikamuuliza mbona hazilingani. Akasema bila kugeuka, "Zikilingana si nitakuwa nimegonga muhuri?"

Tangu siku ile kila nikiletewa fonti ya mwandiko, kitu cha kwanza ninachoandika ni "maandazi".

Tiba ipo, na iko ya namna mbili. Ya kwanza ni kutafuta fonti iliyopewa herufi mbadala, yaani "a" ina sura kadhaa na fonti yenyewe inazipokezanisha. Caveat, aliyoichora Pablo Impallari wa Argentina, imetengenezwa hivyo: herufi hubadilika kidogo kulingana na mahali ilipoangukia ndani ya neno. Inapatikana bure kwenye Google Fonts, maktaba ya fonti ya mtandaoni. Imetulia kuliko ya mpwa wako, ni mwandiko wa mtu mzima aliyechangamka, na kwa kashata sioni ubaya. Angalizo tu, ufundi huo hauwi umewashwa kila mahali. Kwenye Word unauwasha mwenyewe ndani ya mipangilio ya kina ya fonti, na programu nyingi za kutengenezea matangazo kwenye simu hazina hata hicho kitufe.

Ya pili ni ya mikono, na ndiyo ningempa mpwa wako kwa sababu kijana anaonekana ana subira. Aandike neno, kisha aligeuze kutoka maandishi kuwa umbo. Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, inafanya hivyo na haiuzwi. Baada ya hapo kila herufi ni kipande kinachojitegemea. "a" ya pili aizungushe nyuzi mbili au tatu. Ya tatu aipunguze kimo kidogo. Ya mwisho wa neno aivute mkia, maana hata sisi tukifika mwisho wa neno mkono huachia. Asizibadilishe zote, akizidisha itaonekana neno limelewa. Tatu katika saba zinatosha. Ni kazi ya nusu saa kwa jina utakalolitumia miaka.

Ubuyu una kesi yake peke yake. Soma lebo ya ubuyu ukiwa umesimama hatua nne. Unaona nini? Mawimbi. Kwenye fonti ile "u" na "y" zinatofautiana mkia tu, na mkia wenyewe ni mfupi. "B" nayo ni "u" iliyoinua mkono na kufunga tumbo. U-b-u-y-u: vikombe vitano mfululizo. Ukianza na herufi kubwa neno linapata kichwa na msomaji anapata pa kushika, lakini kwa fonti hii hata "U" kubwa ni kikombe kilichokua tu. Hapo pana njia mbili: refusha mkia wa "y" na shingo ya "b" kwa kuzihariri kama nilivyoeleza juu, au kwa ubuyu peke yake andika UBUYU kwa herufi kubwa zote. Hilo la pili lina sharti. Linafaa kwenye fonti za herufi zilizoachana, kama yako. Zile za kuunganisha, ambazo kila herufi imeshikana mkono na mwenzake na herufi kubwa zina mapambo ya kila aina, ukiziandika kwa herufi kubwa tupu zinageuka waya wa seng'enge.

Familia hiyo ya vikombe na matao ni kubwa kwenye Kiswahili. "Nunua" ni tao, kikombe, tao, kikombe. "Mmoja" anaanza na miguu sita. "Manne" inaweza kusomeka "mamme", ikakuacha na maswali. Mtego wa Kiingereza wa "r" na "n" kusogeleana zikaonekana "m", huo hautusumbui sana, maana maneno ya hivyo kwetu ni machache, kama "karne" inayoweza kuonekana "kame". Tuna ya kwetu.

Kwa sababu hiyo, badala ya mbweha na mbwa wao, mimi natumia sentensi isiyo na maana yoyote: "Ng'ombe mmoja, maandazi manne, nunua ubuyu 2,000/=." Iandike kwa fonti unayoifikiria, ichape kwa ukubwa utakaoutumia, ibandike ukutani, urudi nyuma. Ng'ombe yuko pale kwa ajili ya kile kistari cha juu. Fonti nyingi za bure, hasa zile matoleo ya kuonja, hazina alama zote. Kistari kikikosekana, kompyuta inakiazima kwa fonti nyingine bila kukuuliza, na unapata mwandiko wa mtoto wenye alama ya mhasibu katikati. Tarakimu zipo kwa ajili ya kuona kama moja haifanani na "l" na sifuri haifanani na "o". Na hiyo "/=" ya bei zetu ndiyo inayoangusha fonti nyingi, sababu waliozichora hawajawahi kununua kitu kwa "/=".

Twende nyuma ya pakiti, ambako sina mzaha.

Unatengeneza kashata za karanga, na sufuria hizohizo, jikoni hapohapo, unatengeneza visheti na ubuyu. Kuna watu wenye mzio wa karanga, na wapo ambao kipande kidogo kinawapeleka hospitali. Kwenye lebo yako maneno "ina karanga" yameandikwa kwa mwandiko wa kuchezacheza, pointi 6, kahawia juu ya rangi ya maziwa. Mama mwenye mtoto wa hivyo hawezi kuyaona, na akiyaona atadhani ni pambo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, na watu wa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, watakapokuja kukagua, wanataka kuona jina la bidhaa, viambato pamoja na vile vyenye kuleta mzio, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika, na wanataka visomeke. Vyote hivyo viondoe kwenye mwandiko. Viweke kwa fonti tulivu isiyo na vikato, Open Sans au Noto Sans, pointi 8 angalau, nyeusi juu ya rangi ya mwanga. "Ina karanga" iweke kwa herufi nzito na uipe mstari wake.

Utashangaa jambo moja: ukishafanya hivyo, jina la mbele litapendeza zaidi bila kuliongeza chochote. Mchezo unahitaji mtu aliyetulia pembeni yake ndipo uonekane mchezo. Ila usitafute fonti ya pili ya mwandiko ya kuipa kampani. Mcheshi mmoja kwenye meza anachangamsha watu, wakiwa wawili wanashindana na chakula kinapoa.

Rangi nakupa kwa ufupi: manjano juu ya nyeupe, hapana, hata kama karanga na manjano vinakwenda pamoja kichwani mwako. Kile kivuli cha kijivu chini ya herufi kitolewe pia, kimeziba matumbo ya "a".

Bango la barazani ni mambo mengine kabisa, maana pakiti inashikwa mkononi na bango linapitwa na bodaboda. Mafundi wa mabango wana kipimo cha mkato: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5. Kama barabara iko mita 15 kutoka barazani kwako, hiyo ni sentimita 12.5 kwa herufi za kawaida zilizonyooka. Kwa mwandiko wa kuchezacheza mimi huongeza nusu yake, basi ipeleke karibu na 20. Kwa ukubwa huo bango la mita mbili linabeba neno "Kashata", linabaki na nafasi ya namba ya simu, basi. Na ndivyo inavyotakiwa. Ile orodha ndefu ya "tunapokea oda za harusi, hitma, maulidi, mahafali" iandikwe ubao wa pembeni kwa aliyekwisha kusimama. Namba ya simu kwa herufi tulivu, tafadhali, mtu akikosea tarakimu moja amempigia mwingine.

Tazama pia unene. Zipo fonti za mkono nyembamba zinazopendeza sana kwenye skrini, Amatic SC ya Vernon Adams ni mojawapo, ndefu na konda kama twiga. Kwenye jua la saa saba, mbali, mstari mwembamba unaliwa na mwanga. Chukua ile nzito yake, au uachane nayo. Kwenye stika ndogo nako ni vivyo hivyo. Herufi nyeupe ndani ya rangi nyeusi, mstari ukiwa chini ya nusu pointi, yaani kama milimita 0.18, wino unauvamia na kuufuta. Kwa hilo mchapaji wako anajua kuliko mimi na mpwa tukijumlishwa, mwulize mashine yake inakomea wapi.

Na kwa bango, ukimpata fundi wa brashi ambaye bado anafanya kazi, mpe yeye. Mpelekee lebo aone roho yake, kisha mwache. Fonti yote hii inaiga kitu anachokifanya yeye bila kufikiri.

Matumizi mengine yaliyobaki hayana ugumu. Kwenye status ya WhatsApp, bei ya leo na "zimetoka jikoni sasa hivi", tumia mwandiko upendavyo, kesho inafutika. Kadi ya shukrani ndani ya oda ya harusi, vizuri sana. Risiti na ankara, hapana. Tangazo la kufunga kwa sababu ya msiba, hapana kabisa. Na ile barua ya kumdai mwenye duka ambaye hajakulipa, usithubutu. Mwaka 2010, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani LeBron James alipoihama timu ya Cleveland Cavaliers, mmiliki wa timu, Dan Gilbert, alitoa barua ya ghadhabu kwa mashabiki, na barua ilikuwa kwa Comic Sans. Watu walicheka. Fonti hizi hazijui kukasirika, ukizilazimisha wewe ndiye unayeaibika.

Kabla hujachapa stika elfu moja, kuna swali ambalo lazima mpwa alijibu: fonti hiyo aliitoa wapi? Tovuti nyingi zinagawa fonti "bure" na chini kwa herufi ndogo pameandikwa ni kwa matumizi binafsi. Kashata zako zinauzwa, hayo ni matumizi ya biashara, na mchoraji ana haki ya kudai alipwe. Mara nyingi leseni ni dola chache, na kwa jasho la mtu si kitu. Zile za Google Fonts nyingi ziko chini ya leseni huria ya SIL, ambayo inakuruhusu kuitumia fonti kwenye bidhaa unazouza. Inachokukataza ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Faili la leseni huja pamoja na fonti ndani ya folda ileile. Mwambie alifungue alisome, kisha alitunze.

Nimebakisha jambo moja, na nimelibakisha makusudi kwa sababu nililiona nikiwa nimeshamaliza kuandika yote haya, wakati naikunja pakiti kuitupa.

Mgongoni, kwenye kile kisanduku cheupe cha tarehe, umeandika mwenyewe kwa maka peni nyeusi: "Jumanne. Ziliwe kabla ya Ramadhani, baada ya hapo sina dhamana." Tarehe hizo hazimfai mkaguzi na itabidi uziandike kwa tarakimu. Lakini utazame mwandiko. "a" ya "Ramadhani" ya kwanza imefungwa vizuri, ya pili imeachwa mdomo wazi, ya tatu ulikuwa unakimbilia "n" ikawa karibu mstari tu. "d" umeinamisha shingo nyuma. "Z" ina kijiti katikati, sijui nani alikufundisha, inapendeza. Hakuna fonti iliyoko kwenye kompyuta yangu inayofanya hivyo.

Fanya hivi. Tafuta karatasi nyeupe isiyo na mistari na maka peni hiyohiyo. Andika "Kashata" mara ishirini, bila kujitahidi, kwa mwendo uleule unaoandikia tarehe. Andika na "Ubuyu", na "Visheti". Zile tano za mwanzo zitakuwa za adabu, uziruke. Mkono unazinduka kuanzia ya sita. Chagua moja, ipige picha mchana karibu na dirisha bila flashi, mpe mpwa. Ndani ya Inkscape kuna amri ya kufuatisha picha na kuigeuza umbo, atapata jina lako likiwa safi, la kukuza mpaka bango bila kupoteza ukali wa kingo. Akitaka kwenda mbali zaidi, ipo huduma ya mtandaoni iitwayo Calligraphr, unachapa kiolezo chake, unajaza kila herufi kwa mkono, nayo inakutengenezea fonti. Mwambie ajaze "a" zaidi ya mara moja, kiolezo kinaruhusu.

Nitumie karatasi hiyo ya ishirini kabla hujaichagulia. Ukiituma kwa basi, weka na kashata, safari hii katikati ya nguo.